Wauguzi na wagonjwa wanene: ni ushauri au ni kusemwa?

Mama Kibirizi: Watu wa Kigoma, hili tuliseme. Mdogo wangu ana mimba, kaenda kliniki, kapanda mizani, nesi kapaza sauti: "Bonge kama hili litazaaje?" Benchi zima likamgeukia. Tangu siku hiyo hataki kurudi. Wauguzi, na ninyi wanafunzi mlio mazoezini, haya mnafundishwa wapi?

Mwanachuo Uuguzi: Pole mama, ila usituweke wanafunzi kwenye kapu hilo. Tunafundishwa usiri. Lakini uzito uliozidi unachangia presha, sukari, hata kifafa cha mimba. Tukinyamaza, mtatulaumu ninyi ninyi.

Mtoto wa Gungu: Nani kasema mnyamaze? Msitangaze! Mimi nilianguka na pikipiki, nikaenda na goti limevimba. Kabla sijakaa, "kaka punguza mwili." Goti halikuguswa. Pikipiki nayo ilianguka kwa unene?

Nesi Mstaafu Ujiji: Mwanangu, hapo walikukosea. Na kuna lingine. Kitambaa cha kupimia presha kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba inapanda kuliko presha yenyewe. Mtu anaanzishiwa dawa bure. Halafu ile hesabu ya kugawa kilo kwa urefu wa mita mara urefu huo, kwamba jibu likifika 25 umezidi na 30 ni unene wa kupindukia, kwa mjamzito unatumia uzito wa kabla ya mimba. Huyo nesi alikuwa anahukumu kwa macho.

Mnyamwezi wa Ipuli: Nawasoma kutoka Tabora. Waha mnamwaga mawese mpaka kwenye maharage, nesi akisema mnanuna.

Mtoto wa Gungu: Mawese yametoka wapi tena? Bibi zetu wamekula mawese na migebuka na jembe hawakuliacha.

Mama Kibirizi: Na mawese mekundu yanampa mtoto vitamini A. Huko kwenu mna nini, asali?

Mnyamwezi wa Ipuli: Asali yetu usiiguse. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yanayoganda, mabaya kwa moyo. Alizeti ni nafuu kwa mwili.

Mwanachuo Uuguzi: Kwa moyo, sawa. Kwa kunenepesha, kijiko ni kijiko, yote sawa.

Mtoto wa Gungu: Mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alikuja hapa kuhimiza michikichi. Leo Mnyamwezi anatukataza!

Nesi Mstaafu Ujiji: Wanangu, mafuta baadaye. Mama Kibirizi, mimba ina miezi mingapi?

Mama Kibirizi: Wa saba. Anasema atajifungulia kwa mama mkwe, kijijini.

Nesi Mstaafu Ujiji: Hapana. Presha ikipanda huko nani atajua? Nitumie namba yako faraghani, nitampeleka mwenyewe, na huyo nesi nitakaa naye tuongee.

Mnyamwezi wa Ipuli: Mama, mpeleke. Ila la alizeti sijalifuta.