Naomba ushauri: kura za kamati yetu zinatugawa

Wakuu habari zenu. Niko kwenye kamati ya mradi wa programu huria (open source, yaani programu ya kompyuta ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha), wote tunajitolea hakuna anayelipwa, na hii ishu ya kupitisha mapendekezo inaniumiza kichwa kweli. Mtu akileta wazo tunajadili weee, halafu kura inaitishwa ghafla na kufungwa siku hiyohiyo, sasa walio kazini au waliolala wakija wanakuta mambo yameshapita, wanakasirika, wengine wanajitoa kimyakimya na hao ndo wachapakazi wenyewe!

Nimeangalia Apache (taasisi kubwa ya miradi ya programu huria) wanavyofanya, wanapiga +1 (nakubali), 0 (sina upande) au -1 (nakataa) na kura inatakiwa ikae wazi angalau saa 72, hiyo nimeipenda sana. Kutoa toleo jipya la programu wanataka +1 zisizopungua tatu na ziwe nyingi kuliko -1. Ila kwenye mabadiliko ya msimbo wa programu (code) -1 moja tu inazuia, mradi mwenye kuipiga atoe sababu za kiufundi. Debian (mradi mwingine mkubwa wa programu huria) wao wanapanga machaguo kwa namba, la kwanza, la pili, hivyohivyo.

Sasa hofu yangu ni hiyo -1 ya kuzuia, kwa kamati ndogo kama yetu mtu mmoja akikaza si mradi unasimama? Na nani anaamua kama sababu yake ina mashiko?

Pia anayeleta pendekezo apige kura au akae pembeni? Mimi naona apige tu, ila wenzangu hawataki kabisa. Waliopitia haya naombeni msaada jamani.