Buku yangu imemulikwa kwenye taa mbele ya wakwe!!

Shangazi Mtu
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata sare sijavua. Nimetoka harusini sasa hivi, Ngamiani. Yule mwimbaji wa taarab nyote mnamjua, yule wa pete tatu kidole kimoja, wanja umefika sikioni. Simtaji. Nikimtaja atapata umaarufu, na mimi simpi kitu tena, hata jina lake mwenyewe.

Mimi ni shangazi wa bwana harusi. SHANGAZI. Sare nimenunua, nimeshonesha, kilemba kimefungwa kwa pini kumi na nne, kichwa kinagonga mpaka sasa. Jioni nikapita kwa muuza chipsi nikachenji elfu kumi nipate buku kumi, maana anayejua kutunza anajua: huendi mara moja ukamwaga zote. Unakwenda, unarudi, unakwenda tena, watu wakuone.

Fidla ikalia, nikainuka. Mwendo wa madaha, noti juu, bega la kulia, bega la kushoto, kina mama wananipigia vigelegele. Nikafika, nikamtunza. Yule mwanamke akaipokea, akakata wimbo, AKAIMULIKA KWENYE TAA. Taa ya jukwaa! Akaigeuza huku na huku mpaka Mwalimu Nyerere mle ndani ya noti nikamwona kaona haya. Halafu kipaza sauti mdomoni: "Jamani, nani ana chenji?"

Ukumbi ukaanguka. Mpiga kinanda alicheka mpaka kidole kikasahaulika kwenye sauti moja, inalia tu iiiiiii. Mama wa bibi harusi, ambaye tangu siku ya posa hajawahi kunionyesha jino, leo kacheka ushungi umemdondoka.

Na zile buku tisa? Nimerudi nazo. Nilikaa nimezikalia kama kuku anayeatamia, na yeye kila akifika kwenye kibwagizo cha mwenye choyo ananinyooshea kidole. Kakirudia mara mia nne. Nimehesabu.

Lakini kwenye taa, jamani? Kwenye TAA? Si angeifutika tu kifuani kama wenzake, akanisengenya kesho?

Nawasilisha.

Mkaanga Mihogo
Shangazi mzima unatunza buku? Hata mimi ningetafuta taa.

Shangazi Mtu
Soma vizuri. Zilikuwa KUMI.

Mkaanga Mihogo
Taa iliona moja.

Mzee Gambusi
Kosa lenu ni kuita ile taarab. Fidla gani iliyolia, na mwenyewe umesema kuna mpiga kinanda? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na wenzake wamebeba vyombo vya kushikwa mkononi. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, fidla inatoka, dumbak inatoka, hata vigelegele vinatoka. Halafu eti atunzwe. Mtunzeni fundi umeme.

Shangazi Mtu
Mzee wangu, shikamoo, lakini mada ni taa.

Ng'wana Magu
Dada, shukuru umemulikwa tu. Huku Usukumani ukiudhi watu wa manju, yule mtunzi na kiongozi wa ngoma, anakutungia wimbo. Mimi nilichelewa kumlipa fundi baiskeli elfu nne na mia tano, kumbe manju ni shemeji yake. Msimu wa ngoma ulipofika, baada ya mavuno, nikasikia jina langu, jina la baba na rangi ya baiskeli. Mwaka wa tatu huu, watoto wanaochunga ng'ombe wakiniona tu wanaanzisha. Na sauti ya pili wanaitia.

Kisesa Damu
Manju wa chama kipi cha ngoma, Bagika au Bagalu?

Ng'wana Magu
Bagalu.

Kisesa Damu
Nilijua. Mnaimba madeni ya baiskeli kwa sababu kucheza hamuwezi. Kwenye Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma pale Bujora, watu wote wakihamia upande wetu, kwenu wanabaki wapiga ngoma na wake zao.

Ng'wana Magu
Wanahamia kwa dawa! Bila dawa hampati hata mbuzi wa kuwaangalia.

Meza ya Tatu
Samahani, mimi nilikuwepo harusini. Mbona mtoa mada hasemi kwamba ile buku ilikuwa vipande viwili, imeungwa na selotepu?

Shangazi Mtu
Selotepu yenyewe ndogo. Na ni yule muuza chipsi aliyenibambikia.

Mkaanga Mihogo
Yule wa pale kona?? Juzi kaniuzia chipsi mayai, yai moja kaligawa sahani mbili. Ngoja nimfungulie uzi wake.

Mzee Gambusi
Ukifungua nishtue. Mimi kanipa mishikaki ya baridi.

Shangazi Mtu
Jamani, taa.

Kisesa Damu
Ng'wana Magu usikimbie. Dawa gani? Itaje.