Tupeane uzoefu: Unamkinga vipi mtoto na mtu ambaye familia nzima inamwamini?

Mama Kinyerezi
Wakuu, habari za jioni. Kila likitokea tukio tunaambizana "wakanye watoto wasiongee na wasiowajua". Sawa, ila kesi nyingi ukizifuatilia mtuhumiwa ni anko, mpangaji wa chumba cha pili au mwalimu wa tuisheni. Leteni mnachofanya kwenu, nadharia tumeshazisikia.

Naanza. Wangu yuko darasa la pili, gari la shule linampitia alfajiri kabisa, foleni za Tabata mnazijua. Ghafla akawa anang'ang'ania nimpeleke mwenyewe. Anasema konda anampakata "kwa sababu gari limejaa". Sikumhoji kipolisi, nilimwambia amefanya vizuri kusema. Kesho yake nikapanda nao mpaka shuleni. Siti zilikuwepo, tena za kutosha! Uongozi ukaniambia ni kijana mzuri, ana utani tu. Tukajikusanya wazazi wa ruti ile, konda akaondolewa, na sasa ndani ya gari kuna matroni.

Baba Pacha, Mbagala
Sisi wa nyumba za kupanga, bafu la uani, mlango wa kitenge, tuna kazi zaidi. Wanangu hawatumwi chumbani kwa mtu, hata kupeleka chumvi. Anayetaka sigara akanunue mwenyewe. Mgeni akija kutoka kijijini analala sebuleni, halali na watoto, hata awe mdogo wangu wa tumbo moja. Bi mkubwa alinuna, eti nimekuwa mzungu. Alipoa mwenyewe.

Halafu wa kiume tunawasahau. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Shangazi wa Sinza
Niongelee simu. Mpwa wangu ana miaka 12, anacheza gemu la risasi. Akatokea mtu huko anajiita binti wa miaka 13, akamrushia daimondi za gemu bure. Baada ya siku chache: "nitumie picha bila shati, mama asijue". Dogo akaniletea simu mkononi, maana tuna makubaliano: ukiniletea jambo la mtandaoni, simu sikunyang'anyi. Wengi wananyamaza kwa kuogopa hilo tu. Hatukufuta kitu. Tulipiga picha za skrini pamoja na jina la akaunti, tukaenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumieni.

Mzee wa Busara
Mengine tuyamalize kifamilia jamani. Kesi zinavunja ukoo.

Nesi wa Zamu
Ukoo upi, mzee wangu? Wanaletwa kwetu wiki mbili baadaye, vikao vimeshakaliwa na faini imeshalipwa, mtoto hata mkojo unamtoka hovyo.

Likitokea, usimwogeshe. Nguo zake usizifue, ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki. Mwahishe hospitali, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inatolewa polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Na kubaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Hakuna mjumbe wala baba mkubwa mwenye mamlaka ya kulisuluhisha hilo.

Mama Kinyerezi
Asante dada. Mzee, shikamoo, lakini hapo hapana.

Mgeni Jamvini
Na kama mtuhumiwa ndiye anayelisha nyumba? Kuna mama hapa mtaani kwetu anajua, anaogopa atakula nini na watoto.

Nesi wa Zamu
Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, saa 24. Si lazima apige yeye, hata wewe jirani unaruhusiwa. Watawaunganisha na ustawi wa jamii, na suala la chakula liseme hapohapo, usilifiche.