Dogo kaniambia nina ego. Hilo ni tusi?

FundiMkongwe: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi magari, Tanga, mwaka wa 22 huu nashika spana. Wiki iliyopita gereji ililetwa Noah, ikipata moto inazima, ikipoa inawaka kama si yenyewe. Nikasema pampu ya mafuta hiyo. Nikaifungua, nzima. Nikahamia kwenye plagi, koili, chujio. Siku mbili zikakatika, mteja anapiga simu kila saa.

Tuna dogo katoka chuo cha ufundi VETA, ana kimashine cha kupimia. Alisema tangu asubuhi ya kwanza, "Fundi, tuipime." Nikamjibu kwamba magari nimeanza kuyafungua yeye hajazaliwa. Siku ya tatu nimetoka kunywa chai, narudi nakuta kapima: mbovu ni sensa ya krenki, kile kidude kinachosoma mzunguko wa injini. Dakika kumi tu.

Jioni tunanawa grisi kwa sabuni ya unga, akaniambia taratibu, "Mzee, shida yako ego." Nikacheka, ila usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Mke wangu anasema ego ni kiburi. Kiburi mimi sina, mtaa mzima naanza kusalimia mimi. Maana yake hasa nini?

Ticha Mstaafu: Pole fundi. Neno ni la Kilatini, na huko halina ubaya: ego ni "mimi", basi. Freud, daktari wa Vienna, katika kitabu chake cha 1923 aliandika Kijerumani cha kawaida tu, das Ich, yaani hiyohiyo "mimi". Ego waliiweka waliomtafsiri kwa Kiingereza. Kwake ni ile sehemu ya mtu inayosuluhisha tamaa, dhamiri na mambo yalivyo duniani, kwa hiyo kila mtu anayo. Sisi tuna nafsi. Darasani "nafsi ya kwanza umoja" si ndiyo mimi? Hii ya kujiona ni maana ya mtaani.

Mwana Ngamiani: Wifi yangu hajakosea sana, ila kiburi ni kingine. Mwenye kiburi hata salamu haitikii. Mwenye maringo utamjua kwa mwendo. Ego unaweza kuwa nayo umelala chini ya gari, ovaroli imejaa oili. Mume wangu mpole, hajawahi kunipandishia sauti, lakini tukienda msibani tutazunguka mtaa mara tatu, kuuliza nyumba hataki. Kaka, nikuulize: angepima fundi wa rika lako, ingekuuma?

Spana 14: Mimi ego naijua hivi: nimemkosea demu, meseji ya kuomba radhi nimeshaandika, kidole kinagoma kutuma 😂 Halafu mzee, dogo ulimpa ngapi?

FundiMkongwe: Ticha, ahsante, hiyo ya nafsi ya kwanza nitamwambia mke wangu. Mwana Ngamiani umenibana. Angekuwa mwenzangu tungecheka, tukanywa kahawa, yakaisha. Na wewe Spana, hela mteja alinikabidhi mimi. Mteja alipouliza tatizo lilikuwa nini, nikamwambia "tumelipata". Tumelipata! Dogo kasimama pale pale, kashika tambara.

Nimempa chake leo asubuhi, kwa kuchelewa. Mchana ikaingia Vitz inatoa moshi mweusi. Nikamwita alete mashine. Sikumwangalia usoni, lakini nimemwita.