Tupeane uzoefu: imani ya wanakijiji kwa msaada wa maafa wa serikali huvunjikia wapi?

KaraniMkongwe
Wakuu, uzi huu ni wa waliowahi kushika orodha, ghala au mizani. Gari la serikali likifika kijijini baada ya mafuriko, watu hawaulizi limeleta nini. Wanauliza limetumwa na nani na kura ni lini.

Naanza na orodha. Ikiandikwa usiku ofisini na mwenyekiti na watu wake watatu, hata kila jina likiwa halali, imeshakufa. Isomwe mkutanoni kwa sauti, jina na idadi ya watu wa kaya, kisha ibandikwe siku tatu kabla ya kugawa. Na jina lifuate kitambulisho. Herufi moja ikikosewa mtu anarudi mikono mitupu, na jioni kijiji kizima kinajua amekatwa kwa ajili ya chama chake.

SaidiKimya
Hapo kwenye herufi moja umemaliza.

MamaStoo
Hajamaliza, bado mizani. Gunia la kilo 50 kwa kaya nne ni kilo 12.5 kila moja. Likitoboka njiani likamwaga kilo moja, kaya ya nne inaondoka na 11.5, na machoni pao mgawaji ni mwizi. Pima kila gunia linaposhushwa, watu wakiona. Pungufu liandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo, dereva na mwakilishi wa kijiji wasaini palepale. Yaliyotoboka yawekwe pembeni yaonekane, msiyafiche kwa aibu.

Mkigawa kwa bakuli, amueni mapema: linafutwa kwa kijiti au linajazwa kilima? Wa kwanza akipata kilima na wa mwisho akafutiwa, mtaeleza mpaka kesho.

Mbishi
Mnalaumu bakuli, tatizo ni uvumi. Kimbunga Helene, Marekani, Septemba 2024: FEMA, wakala wa maafa wa serikali kuu, ilikuwa inatoa dola 750 za haraka kwa mahitaji ya mwanzo. Ikaenea kwamba ndizo hizo tu, na kwamba ni mkopo, ukishindwa kulipa ardhi inachukuliwa. Uongo mtupu. Yalikuwa malipo ya kwanza, na matengenezo ya nyumba yana fungu lake. Oktoba akakamatwa mtu mwenye silaha huko North Carolina kwa tuhuma za kuwatishia watumishi wa FEMA, na kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ikasitishwa kwa muda. Nani aliumia? Wanakijiji walewale.

SheriaMkononi
Malizia habari, Mbishi. Taarifa ya kwanza ilisema ni malori mawili ya wanamgambo, baadaye sherifu akasema ni mtu mmoja. Uvumi hauna upande. Na Novemba FEMA yenyewe ikathibitisha kumfukuza mtumishi aliyeagiza timu yake huko Florida iruke nyumba zenye mabango ya Trump. Sasa kamwambie mwenye bango kwamba msaada hauna chama.

Mbishi
Mtumishi mmoja!

SheriaMkononi
Na mwenye silaha alikuwa mmoja pia.

DerevaWaLori
Mnagombania mabango, mmesahau ghala la Ponce? Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, Septemba 2017. Januari 2020 tetemeko likatikisa kusini mwa kisiwa, watu wakawa wanalala nje kwa kuogopa kuta. Siku chache baadaye video ikasambaa: ghala mjini Ponce limesheheni maji ya chupa, vitanda vya kukunja, nepi, vyakula, na vingine vimekaa humo tangu Maria. Watu wakavunja wakaingia. Gavana Wanda Vázquez akamtimua mkuu wa maafa siku hiyohiyo. Na ni huko huko serikali ilikaa na idadi ya vifo 64 kwa miezi, hadi Agosti 2018 ikapandisha kuwa 2,975. Ukimwambia mtu wa pale "serikali imesema", akujibu nini?

SaidiKimya
Maji yapo ndani, watu wako nje! Ufunguo alikuwa nao nani?

MamaStoo
Ndilo swali. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa ofisi moja. Kadi ya stoo ining'inie kwenye kila rundo: kilichoingia, kilichotoka, salio, tarehe ya mwisho ya matumizi. Kadi ikihamia kwenye droo ya bosi, mzigo umeshasahaulika.

KaraniMkongwe
Turudi kwenye maji kidogo. Kipimo cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya maafa, ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Tangi la lita 5,000 linatosha watu 333. Afisa akitangaza redioni "maji yamefika" kwenye kata ya watu elfu mbili, hajadanganya, lakini mtu wa 334 hatamwamini tena.

SheriaMkononi
Msisahau karatasi. Kusini mwa Marekani familia nyingi za vijijini, hasa za watu weusi, zinaishi kwenye ardhi ya urithi isiyo na hati ya jina moja. Kwa miaka FEMA ilizikatalia fedha za kujenga upya kwa kukosa uthibitisho, hadi 2021 ilipoanza kukubali tamko la mwombaji mwenyewe. Na barua ya kukataliwa mara nyingi maana yake ni kwamba kuna karatasi imepungua. Rufaa ni ndani ya siku 60. Wengi huichana siku ileile.

DerevaWaLori
Suluhisho ni pesa kwa simu. Magunia yana mikono mingi.

MamaStoo
Simu imeenda na maji, mwanangu, na laini imesajiliwa kwa jina la shemeji. Magunia.

Mbishi
Na wagombea wanaokuja kugawa na fulana zao je?

KaraniMkongwe
Mpe gunia ashushe. La pili tu atakumbuka ana kikao.

SaidiKimya
La kwanza atakuwa ameshapigwa nalo picha.