Bolti ya amu imeganda na nyingine imekatikia ndani: nianze na ipi kabla sijaharibu zaidi?

Mkazi wa Buhongwa

Habari za jioni, wakuu. Ninaomba ushauri, kwa sababu kazi niliyoipangia Jumamosi moja sasa imeingia wiki ya pili na gari bado limekaa uani juu ya jeki.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1999. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akilitumia kubeba kayabo, wale samaki wa chumvi, kutoka soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, na hata leo ukifungua buti wakati wa jua kali utalijua hilo bila kuambiwa. Mguu wa nyuma kushoto ulikuwa ukigonga kila nikipita kwenye makorongo, nikakagua na kuona bushi za amu (raba zilizo kwenye ncha za ule mkono wa chuma unaoshika mguu wa tairi) zimekwisha, nikanunua mpya na kuamua kuzifunga mwenyewe. Nati ya ile bolti ndefu inayoshika amu kwenye mguu wa tairi ilitoka kwa soketi ya 17 na bomba la urefu wa mita moja, nami nikadhani mlima nimeshaupanda. Bolti yenyewe ndiyo iliyogoma. Nikiizungusha inakwenda kama robo ya mzunguko, kisha nikiachia inarudi yenyewe pale ilipokuwa, utadhani imefungwa kwa mpira. Nimeipulizia WD-40 asubuhi na jioni kwa siku tatu, nimeigonga kwa nyundo ya kilo mbili, na matokeo pekee ninayoyaona ni kwamba ncha yake imeanza kuchanua kama uyoga.

La pili linanitia aibu zaidi. Nilihamia kwenye breketi ya stabilaiza ya mbele, kile chuma kinachopunguza gari kuyumba, ili angalau nijipe moyo kwa kazi ndogo. Bolti yenye kichwa cha 12 ilianza kusogea, nikafurahi, kisha ikawa laini ghafla mkononi, na nilipovuta spana kichwa kikaja peke yake. Kipande kilichobaki kimechomoza kama milimita 4.

Jirani yangu anasema hewa ya ziwa ndiyo inayokula vyuma vya magari yetu, na ananishauri nimwite mtu wa gesi akate kila kitu. Muuza vipuri naye anataka kuniuzia ekstrakta, kifaa cha kupenyeza ndani ya bolti iliyokatika ili kuizungusha itoke. Nianze na lipi?

Fundi wa Igoma

Pole, ndugu yangu. Weka nyundo chini kwanza, maana hiyo bolti imeshakueleza ugonjwa wake. Ingekuwa imeshikwa na nyuzi, nati isingetoka. Kilichoishika ni lile bomba fupi la chuma lililo katikati ya bushi: kutu imejaza nafasi kati ya bolti na hilo bomba hadi vimekuwa kitu kimoja, kwa hiyo unapozungusha bolti unazungusha bomba pamoja nayo, raba ya bushi inajipinda, na ukiachia inakurudisha. Mafuta uliyopulizia yameishia mlangoni. Sehemu iliyoganda ina urefu wa sentimita kadhaa, na WD-40 ilibuniwa hasa kwa ajili ya kufukuza maji. Inasaidia kwenye kutu changa, lakini kwa ugonjwa huu ni kama kumpa panadol mtu aliyevunjika mguu.

Kwa kuwa bushi unazitupa, usipigane nayo. Ikate. Pitisha msumeno wa chuma, au grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1, katika nafasi iliyopo kati ya amu na mguu wa tairi, upande huu na upande ule. Amu zitatoka na bushi zake zikiwa zimekumbatia vipande vya bolti, nawe utavipeleka vyote kwenye presi, mashine ya kusukuma bushi nje. Kipande kitakachobaki kwenye mguu wa tairi mara nyingi hutoka kwa kugongwa na chuma chembamba kuliko tundu. Ila usikate hata milimita moja kabla hujaishika bolti mpya mkononi na kuipima urefu na unene, la sivyo gari litalala hapo hadi sikukuu. Bolti ya saspensheni si ya kufungia dirisha. Soma alama iliyo kichwani: kwa vipimo vya kimataifa, 8.8 maana yake chuma huvumilia mvuto wa megapaskali 800 hivi kabla ya kukatika, na 10.9 hufikia 1,000 hivi. Bolti isiyo na alama yoyote iache hukohuko dukani.

Kuhusu jirani, analisingizia ziwa. Victoria ni maji baridi, na hewa yake si ya chumvi kama ile ya Tanga. Aliyekuuzia gari ndiye mwenye maelezo: kayabo ni sangara aliyewekwa chumvi akakaushwa, na majimaji yake yakidondoka kwenye sakafu ya buti hutafuta njia hadi kwenye saspensheni ya nyuma. Magari mengine hutujia na kutu yake tangu kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Hiyo ndogo iliyokatika ni M8, yaani bolti ya unene wa milimita 8, kwa sababu Wajapani huipa M8 kichwa cha 12. Nina hakika uliivuta kwa bomba lilelile la mita moja. M8 ya kawaida hufungwa kwa takriban nyutonimita 25, na kwenye ncha ya bomba la mita moja hizo ni sawa na uzito wa kilo mbili na nusu, yaani kuku mmoja aliyenona. Wewe uliweka mwili mzima. Hata hivyo umebahatika, kwa kuwa kipande kimechomoza. Mwite mchomeleaji aweke nati ya M10 juu yake, aijaze kwa ndani hadi ishikamane na kipande, kisha asubiri wekundu utoweke kabla ya kuweka spana. Usimharakishe. Joto la kuchomelea linafanya kazi kubwa kuliko hata hiyo nati, kwani chuma kinapotanuka na kusinyaa kutu inapasuka. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, na ikikaza usilazimishe, rudi ulikotoka. Kabla hajaanza, ondoa waya hasi wa betri, na klempu ya athi ya mashine ya kuchomelea ikae karibu kabisa na mahali anapochomelea.

Fundi boti, Nansio

Ninakubaliana na mkuu wa Igoma kwa sehemu kubwa, ila kuhusu maji baridi nina neno. Huku Ukerewe ninashughulika na injini za boti, ambazo bodi yake ni aluminiamu na bolti zake ni chuma, na ninakuhakikishia kwamba zinaganda vizuri sana bila chembe ya chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikitoa unga mweupe unaoziba nyuzi kama saruji. Kwa hiyo ukifika kwenye bolti iliyoingia kwenye aluminiamu, kwa mfano ya nyumba ya thamostati, usiichukulie kama hizo za chini ya gari. Hapo pasha joto nyumba yenyewe badala ya bolti, kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma na tundu litalegea.

Ekstrakta usinunue. Ninasema hivyo kwa uchungu. Mwaka jana niliingiza moja kwenye bolti ya M6, nikaisikia ikishika, nikaongeza nguvu kidogo tu, ikalia tiki na kukatikia ndani. Ekstrakta ni chuma kigumu kuliko biti ya kawaida ya drili, na baada ya hapo hutoboi tena. Biti inateleza juu yake ikipiga kelele. Siku mbili nilizozitumia kuisaga kipande kwa kipande sikumdai mteja hata shilingi. Jiulize: kama bolti nzima yenye kichwa ilikataa hadi ikakatika, kwa nini ikubali kuzungushwa na kitu chembamba zaidi kilichopenyezwa katikati yake?

Kuchomelea kukishindikana, toboa. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa, piga alama ya senta panchi katikati kabisa, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa kuwa alama ikiwa pembeni kwa milimita moja tu utakula nyuzi za upande mmoja. Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, ukidondoshea mafuta, kisha panda hadi 6.8, ambacho ndicho kipimo cha tundu la tapu (kifaa cha kuchongea nyuzi) ya M8 yenye nyuzi za milimita 1.25. Kama umelenga sawa, kitakachobaki ni uzi mwembamba wa chuma ulioviringika, na tapu itausukuma nje.

Mwalimu wa Nyegezi

Samahani kwa kuingilia mafundi, lakini mbona hakuna aliyeona neno "jeki"? Gari la wiki mbili juu ya jeki, na mwenyewe yuko chini yake akigonga kwa nyundo ya kilo mbili! Nunua au azima stendi za kushikilia gari leo. Wala usitumie mawe. Najua jiji letu limejaa mawe, na kuna hata yaliyosimama moja juu ya jingine miaka yote bila kuanguka, ila hayo hayakupangwa na wewe.

Nawe usimwite mtu wa gesi kwa kazi ya nyuma. Pale pana tangi la petroli, mabomba ya breki na shokapu yenye mafuta ndani, tena nyingine zina gesi iliyoshindiliwa. Penye nafasi salama moto ni dawa nzuri: nati ikipashwa hadi ukigusisha mshumaa unayeyuka papo hapo, nta hunywewa ndani ya nyuzi, na ninaifanya hiyo kwenye bolti za bomba la moshi. Angalizo moja: kama umepulizia dawa ya kusafishia breki yenye klorini, moto usikaribie kabisa, maana ikiungua hutoa gesi ya sumu.

Mkazi wa Buhongwa

Wakuu, ninarudi na majibu. Gari liko juu ya stendi, Mwalimu, na nimekemewa pia nyumbani baada ya kuwasomea maneno yako.

Bolti mpya niliipata kwa wauzaji wa vipuri vya magari yaliyokatwa, nikaipima kando ya ile ya zamani, kisha nikaanza kukata. Upande wa kwanza kwa msumeno wa mkono ulinichukua dakika arobaini na blade mbili; wa pili nikaazima grainda, ukaisha kabla sijakaa vizuri. Kwenye presi kijana alikitoa kipande cha bolti ndani ya bushi kwa mlio kama wa bunduki, na nilipokishika niliona kutu nyeusi iliyotengana tabaka kwa tabaka, yote ikiwa katikati, wakati ncha zote mbili zilikuwa zikimetameta kwa WD-40 yangu.

Ile M8 nayo imetoka. Nati ya kwanza iling'oka, mchomeleaji akaweka ya pili, tukasubiri, ikasogea kama unywele, tukairudisha, na kwa mwendo huo ikafika nje bila tapu wala drili. Sasa ninataka kufunga. Je, nipake grisi bolti yote?

Fundi wa Igoma

Hongera, ng'wanawane. Grisi paka sehemu laini ya bolti inayolala ndani ya bushi, ndiyo iliyokutesa. Kwenye nyuzi acha pakavu na pasafi, kwa sababu ukiweka mafuta, nguvu ileile ya spana itaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa, na saspensheni si mahali pa kujaribia.

Tena kuna kosa ambalo hata gereji wanalifanya. Nati ya amu usiikaze gari likiwa limeinuliwa na mguu unaning'inia. Ifikishe tu mahali pake, rudisha tairi, shusha gari hadi liketi kwa uzito wake, lisukume juu na chini mara mbili tatu, ndipo uingie na spana ukaze hadi mwisho. Bomba la bushi likishakazwa halizunguki tena, raba ndiyo inayojipinda. Ukilikaza mguu ukiwa chini, raba itaishi imepinda kila siku gari likiwa limesimama, na baada ya miezi michache utaisikia ikigonga tena.