Tupeane uzoefu: Taa za mbele zilizofifia kwenye gari la zamani, uling'arisha au ulibadilisha?

Mleta mada, Dodoma

Wakuu, habari za majukumu. Nina Noah ya mwaka 2003, nipo nayo mwaka wa saba sasa. Mwezi uliopita natoka Morogoro usiku, nimeshapita Gairo, kumbe mbele yangu kuna mzee anakokota baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Baiskeli haina taa wala kiakisi mwanga. Nilimwona akiwa karibu mno. Nikakanyaga breki, gari likaserereka, likasimama kama hatua nne nyuma yake. Yule mzee hakunitukana. Aligeuka akanitazama, kisha akaendelea na safari yake. Mimi nilikaa pembeni ya barabara robo saa nzima, mikono inatetemeka.

Asubuhi nikazikagua taa. Vioo vimekuwa rangi ya chai ya maziwa, ukichungulia huioni hata balbu. Ubaya wa jambo hili ni kwamba mwanga haupotei siku moja. Unapungua kidogo kidogo na macho yanauzoea, unajikuta umeinamia usukani ukidhani ni uchovu wa safari.

Naombeni uzoefu wenu halisi, si wa kusikia. Nani aling'arisha zikadumu? Nani alibadilisha, na aliridhika? Wenye Coaster, wenye Land Cruiser, hata wenye magari-nyumba huko ughaibuni, karibuni.

Fundi rangi, Mwanza

Pole sana mkuu, na tumshukuru Mungu kwa yule mzee. Kazi hii ya taa naifanya karibu kila wiki, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Hicho tunachokiita kioo si kioo. Ni plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti, na kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kinga kwa juu. Jua la kwetu linapiga utosini mwaka mzima, na kinga hiyo ndiyo inayoliwa kwanza. Inaanzia upande wa juu wa taa, ndiyo maana taa nyingi zilizochoka zina unjano zaidi juu kuliko chini. Kinga ikishaisha, jua linaichoma plastiki yenyewe.

Wengi wanaonijia wameshapitia dawa ya meno. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, kwa hiyo ni kweli inaondoa ukungu na taa inang'aa wiki mbili tatu. Lakini umeondoa tu, hujarudisha chochote, na jua linaendelea palepale lilipoishia. Wengine wanapaka dawa ya kufukuzia mbu. Hiyo naomba sana muiache. Nyingi zina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, ambayo hulainisha plastiki. Unaona imeng'aa kwa sababu uso wake umeyeyuka, na baadaye inabaki na nyufa ndogo ndogo ambazo hata msasa hauzimalizi. Petroli na thina, habari ni hiyohiyo.

Mimi naosha taa kwa maji na sabuni, kisha nazungushia tepu kwenye bampa na boneti, mara mbili, maana msasa ukiteleza ukagusa rangi umejiongezea kazi. Taa ikiwa mbaya sana naanza na msasa wa maji namba 600, ikiwa ya wastani 800. Kutoka hapo 1000, 1500, mpaka 2000. Kila namba nabadilisha mwelekeo: hii nasugua kwa kulala, inayofuata kwa kusimama, ili nione mikwaruzo ya namba iliyopita imekwisha kabla sijasonga. Maji yasikauke hata kidogo. Mwanzoni yanatoka ya njano. Yakianza kutoka meupe, ujue kinga kuukuu imetoka yote. Hapo taa inakuwa na weupe wa maziwa, na wenye magari wengi wakiiona hivyo wanashtuka, wanadhani nimewaharibia. Ndiyo hatua yenyewe hiyo.

Sasa hapa ndipo watu wanapopishana. Ukiipiga kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, kwa mashine itang'aa kama mpya siku hiyohiyo, na baada ya miezi michache itarudi, kwa sababu plastiki umeiacha uchi. Inayodumu ni klia ya kuchanganya na kikausho, ile inayopakwa juu ya rangi ya gari, uhakikishe ni yenye kinga ya jua. Futa vumbi kwa spiriti, puliza tabaka mbili nyembamba, liache gari kivulini siku nzima. Kuna Hiace nilizipulizia klia mwaka 2021, hadi leo taa ziko safi na gari linafanya kazi kila siku. Fundi atakayekung'arishia dakika kumi kwenye maegesho bila klia, mlipe kulingana na miezi atakayokupa.

Mama mwenye Spacio, Mombasa

Mimi nilibadilisha, nikajuta, nikabadilisha tena.

Nilinunua jozi mpya kabisa, bei nafuu, zimefungwa kwenye boksi, zinametameta. Usiku wa kwanza kwenda Malindi kila gari ninalokutana nalo lanipigia fulu. Nikasimama nikaziangalia: mwanga umesambaa kila upande kama wa tochi, hauna ule mstari unaokata juu. Mimi mwenyewe barabara siioni vizuri na wenzangu nawapofusha. Fundi alijaribu kuzishusha, haikusaidia, maana kasoro ilikuwa kwenye umbo la taa lenyewe.

Kaka yangu aliyeko Nairobi akaenda Kirinyaga Road akanitafutia jozi ya mtumba, taa halisi zilizotoka Japani kwenye gari lililokatwa. Zina mikwaruzo midogo, lakini mwanga wake umetulia. Ukinunua za mtumba angalia vitu viwili. Masikio ya kufungia yawe mazima, kwa kuwa yaliyogundishwa kwa gundi hutikisika na taa hucheza barabarani. Halafu chungulia ndani uone ule ubati unaorudisha mwanga. Ukiwa umebabuka au umefifia kama sufuria kuukuu, mwachie mwenyewe. Nje kunasuguliwa, ndani hakusuguliwi.

Dereva wa watalii, Arusha

Mama umenena. Mimi kisa changu ni cha ndani hasa.

Gari langu ni Land Cruiser ya mwaka 1996, tumelifungia hema juu na kitanda nyuma, wageni wanalala humo porini. Taa zake ni za duara, inchi 7, kioo cha kweli, kwa hiyo unjano hatuujui. Sisi adui yetu ni mawe. Jiwe moja njia ya Ndutu, taa imekwenda. Uzuri ni kwamba taa hiyo ya duara imetumika kwenye magari mengi sana, kuanzia Land Rover za zamani, kwa hiyo haikosekani.

Tatizo lilikuwa mwanga. Nimebadilisha taa zote mbili, mpya, bado usiku ni kama natembea na kibatari. Nikashauriwa niweke balbu za wati 100 badala ya zile za kawaida za 60 kwa 55, yaani 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Nikaweka. Mwezi haukuisha, nikasikia harufu ya plastiki inaungua tukiwa Karatu na wageni wanne ndani. Soketi ya kushoto ilikuwa imeyeyuka ikashikana na balbu, waya umekuwa mweusi kama sentimita kumi. Nashukuru haikushika moto.

Fundi umeme wa magari niliyempelekea, mzee mtaratibu sana, hakugusa balbu kwanza. Alichukua mita. Injini inaunguruma, betri inasoma volti 13.6. Akapima kwenye soketi ya taa, 12.1. Akaniambia, "Kijana wangu, mwanga wako umebaki njiani." Balbu ya halojeni ikikosa volti moja na nusu hivi, karibu theluthi ya mwanga inapotea, ingawa wewe unaona ni upungufu mdogo. Alisafisha sehemu ya waya wa ardhi iliyokuwa na kutu, akavuta waya mnene kutoka betri wenye fyuzi, akafunga rilei mbili, yaani swichi za umeme zinazoipa taa umeme moja kwa moja kutoka betri, akanirudishia balbu za kawaida. Nilitoka pale usiku huohuo kwenda Mto wa Mbu nikahisi nimebadilishiwa gari.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujashika msasa, pima volti. Ni dakika tano tu.

Mdau, Bujumbura

Wandugu, niongeze jambo ambalo ninyi wa Tanzania, Kenya na Uganda haliwagusi. Sisi huku tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi kutoka Japani yana usukani wa kulia. Taa za gari la Japani zimetengenezwa kuinua mwanga upande wa kushoto, ili zimulike ukingo wa barabara. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako.

RAV4 yangu ya 2002 ilikuwa na taa za njano, na kwa kuwa zimefifia hakuna aliyelalamika. Nikazing'arisha vizuri, nikafurahi, kumbe nimeanza kuwachoma macho wanaokuja. Kuna usiku kijana wa pikipiki aliyumba mbele yangu akaingia nyasini. Alikuwa mzima, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni. Kwanza nilizishusha, ikawa nuru yangu inaishia karibu. Mwishowe shemeji yangu aliyeko Dubai alinitumia taa za RAV4 ileile ya usukani wa kushoto. Zimeingia bila kukata kitu.

Mdau, Leicester

Shikamooni wakubwa. Mleta mada ameita wenye magari-nyumba, nami ninalo, limejengwa juu ya Fiat Ducato ya 2004. Ndani kuna vitanda, jiko na choo, tunatoka nalo na watoto wakati wa kiangazi.

Nilishangaa taa zake zilivyochakaa wakati halijatembea sana. Baadaye nikaelewa: gari la aina hii linasimama sehemu moja miezi minane, tisa, uso umeelekea jua lilelile. Taa haichoki kwa kilomita, inachoka kwa kukaa. Lilikataliwa kwenye ukaguzi wa mwaka, huku unaitwa MOT. Mkaguzi alisema taa zinawaka, ila mwanga umetawanyika mpaka mashine yake haioni mstari, kwa hiyo hawezi hata kusema zimeelekea wapi. Nikadhani nitatibu kwa balbu za LED. Akanionya kwamba kuweka LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni ni kufeli kwingine.

Nilisugua mwenyewe kwa hatua kama za ndugu yetu wa Mwanza, nikamalizia kwa klia, likapita. Siku hizi likiegeshwa nazivalisha taa mifuko miwili ya kitambaa kizito aliyonishonea mke wangu. Hii ya kulia na kushoto ya ndugu wa Bujumbura ni kweli tupu: tukivuka kwenda Ufaransa nabandika stika maalumu kwenye taa, kwa sababu mwanga wa gari la Uingereza unainukia upande usiofaa kule.

Mdau, Tanga

Yangu haina unjano, ina maji ndani. Fundi kanitobolea tundu chini yatoke. Yanatoka kweli, lakini sasa kuna vumbi na wadudu ndani. Nifanyeje?

Fundi rangi, Mwanza

Pole ndugu wa Tanga. Tundu lizibe. Taa ina vipumulio vyake kwa nyuma, vya mpira, mara nyingi vimetoka au vimezibwa na tope. Angalia pia kifuniko cha mpira cha nyuma ya balbu, kikipasuka maji yanaingia hapo. Kama ni gundi ya kuzunguka kioo imeachia, taa ishushwe, ipashwe joto taratibu, ifunguliwe, isafishwe, ifungwe kwa gundi mpya ya taa. Ule ubati wa ndani usiufute kwa kitambaa, unabanduka mara moja. Puliza kwa hewa basi.

Mleta mada, Dodoma

Wakuu, nimerudi na mrejesho, na asanteni kutoka moyoni.

Jumamosi nilinunua misasa, tepu na klia, vyote Sh 45,000. Kabla sijaanza nilifanya jaribio. Usiku niliweka kiti uwanjani, nikakivalisha koti langu jeusi, nikarudi nyuma na gari mpaka nisilione, taa zikiwa dimu. Hatua 38. Jumapili nikasugua tangu asubuhi, kijana wangu akimwagilia maji. Tulipofika 1000 nami nilishtuka kwa ule weupe, nikakumbuka maneno ya fundi. Jioni tukapuliza klia, gari likalala kwenye banda.

Jumatatu nikalipeleka mbele ya ukuta wa ghala, mita 10, ardhi imelala sawa, upepo wa matairi umekamilika. Nikachora alama kwenye urefu wa katikati ya taa, nikakaza skrubu mpaka mstari wa mwanga ukashuka sentimita 10 chini ya alama. Usiku tukarudi uwanjani na kiti na koti. Hatua 81.

Upande wa kulia bado ni hafifu kuliko kushoto, kwa hiyo kesho nakwenda kwa fundi umeme anipimie volti kwenye soketi kama alivyosema ndugu wa Arusha. Ijumaa nasafiri tena Morogoro. Nitapita Gairo mchana niwaulize wauza mkaa wa barabarani kama wanamfahamu yule mzee, maana nimemnunulia viakisi mwanga viwili vya baiskeli, cha mbele na cha nyuma.